Darubini Ndani ya Friza

"Iweke hapo," Shafina alisema, bila kunyoosha mkono. "Juu ya gazeti. Meza hii naifuta kila asubuhi."

Mwanamume aliyesimama mbele yake aliilaza darubini juu ya gazeti kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto asije akaamka. Ilikuwa darubini ya bunduki, fupi, nyeusi, mpya, yenye mng'aro wa viatu vya harusi vya kukodi, na bado ilinuka plastiki ya boksi lake. Sakafuni, karibu na mguu wake, alikuwa ameweka sanduku refu lenye kufuli. Ndani yake mlikuwa na bunduki ndogo ya shabaha, ya risasi nyembamba, ile ambayo kwao Moshi Shafina na mumewe waliiita pointi tuu-tuu na kumuuzia mwenye shamba la mahindi akafukuzie ndege.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hapo ndipo Shafina alipomtazama usoni. Lafudhi ilikuwa ya Kenya, na Mkenya aliyekuamkia shikamoo kwa uangalifu namna ile amefundishwa na mtu, naye ana shida yake. "Nani amekutuma kwangu?"

"Wanasema kufunga darubini, Scarborough nzima ni wewe."

"Wanasema darubini. Hiki ni kichupa cha dawa ya kikohozi."

Kicheko kilisikika kutoka upande wa mbele wa duka. Kilikuwa cha Sikander, mwenye duka, mtu aliyewauzia watu ndoano za kuvulia, mishale, na makoti ya rangi ya msitu yaliyonunuliwa na wanaume ambao msitu waliuona kwenye kalenda. Sikander alipenda kumsikiliza Shafina akitukana bidhaa. Alipenda zaidi bidhaa hizo zisipokuwa zake.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha Shafina. Humo mlikuwa na meza, jiliwa la kubania, kabati la chuma la kufungia bunduki, friji yenye friza ndogo juu, birika la umeme, na mlango wa chuma uliofungukia uwanja wa nyuma. Juu ya meza palikuwa na kigogo cha mninga chenye makato mawili ya kulazia darubini. Kigogo hicho kilichongwa na marehemu mumewe, Madatali, katika duka lao la bunduki na darubini kule Moshi, na kilivuka bahari kimefungwa ndani ya blanketi wakati vyombo vya maana vilipoachwa. Shafina alifika Toronto, Kanada, akasafisha ofisi za watu kwa miaka mingi. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kitu kingine, mpaka siku aliyoingia kwa Sikander kununua soksi, akamkuta anafunga darubini kimshazari, akamnyang'anya bisibisi.

Kando ya kigogo, ndani ya kitambaa cha bafta, ililala darubini ya Madatali mwenyewe. Ilikuwa ya Kijerumani, nzito kama chuma cha kupigia pasi, na haikuwa na bunduki tena. Kila kilichoingia chumbani humo kilipimwa kwa hiyo, na hakuna kilichowahi kufika hata kiunoni mwake.

"Haya," alisema. Aliichukua ile mpya kwa vidole viwili. "Tuanze na sikio."

Aliisogeza karibu na kichwa na kuzungusha nobu ya juu, polepole. Ya Madatali, ukiizungusha, ililia kama mtu avunjaye vijiti vikavu, kimoja kimoja. Hii ililia kama mtu anayetafuna biskuti iliyolowa chai.

"Unasikia?"

"Nasikia inazunguka," mwanamume alisema.

"Hata kifuniko cha soda kinazunguka."

Aliigeuza akachungulia upande wa nyuma, akiielekeza kwenye taa. Aliitikisa. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa lenzi, pale palipopakwa gundi, akausikia ukucha ukikwama kidogo, akaguna kwa raha. Mwisho aliubeba ule mninga mpaka mlango wa nyuma, akaufungua mlango kwa goti, akakiweka kigogo juu ya pipa na darubini juu ya kigogo.

Huko nje palikuwa na uwanja wa kuegesha magari ya wafanyakazi, kisha uzio wa waya, kisha reli, na mbali kule, juu ya kila kitu, nguzo kubwa za umeme zikitembea kuelekea kaskazini. Shafina alipima kila darubini kwa nguzo ya tatu, kwenye vile vikombe vyake vya kauri vilivyoshika nyaya. Ndivyo walivyofanya Moshi, ambako wateja wao walikuwa wawindaji wa nyati na pofu, na kitu cha kulenga hakikuwa karibu kamwe. Darubini iliyo nzuri, ukisogeza kichwa kushoto na kulia huku unachungulia, zile nyuzi mbili zinazokatana ndani yake hubaki palepale juu ya kikombe, kana kwamba zimechorwa hapo. Mbaya, nyuzi hutembea.

Alisogeza kichwa kushoto. Nyuzi zikatembea. Akasogeza kulia. Zikarudi zikapitiliza.

"Zinaogelea," alitangaza. "Sikander! Njoo uone samaki."

"Nina mteja, Shafina bai."

"Mwache mteja wako, hapa kuna bahari nzima." Alirudi ndani akaitupa darubini juu ya gazeti, si kwa nguvu, lakini aliitupa. "Sikiliza, kijana. Aliyenunua kitu hiki ni mtu wa kudanganywa. Ameingia dukani, ameona boksi lenye picha ya tai, amefungua mdomo. Hana macho, wala hana aibu. Mwenye aibu angeificha."

Mwanamume aliinamia meza. Alikuwa mrefu, wa miaka arobaini hivi, na chini ya jaketi alivaa shati la kazi la madereva wa mabasi ya jiji. Aliinyoosha darubini juu ya gazeti ili ilale sawa na mistari.

"Aliyenunua aliona inatosha," alisema.

"Inatosha! Hilo ndilo neno lao. Na wewe unalenga nini, hata ikutoshe?"

"Karatasi, Mama. Kuna klabu huko kaskazini. Jumamosi nalala chini kwa tumbo, natoboa karatasi. Hakuna mtu ananipigia kengele nisimame."

Mbele, Sikander alicheka tena. Shafina hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Badala yake alimtazama mtu huyu tena, sikio, kipaji, ile namna ya kuinamisha kichwa, na mara akajua alikokwisha kumwona.

"Wewe ndiye Kangethe."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuona kwenye simu ya binti yangu Arzina. Ulikuwa mnene kidogo."

"Lilikuwa jaketi."

"Na umekuja kwangu na hiki."

Kangethe alivua kofia, akakosa pa kuiweka, akaishika. "Arzina alisema, nikija nyumbani utanikaribisha vizuri sana, utanilisha, halafu utakataa. Akasema niende kazini. Kazini Mama husema anachofikiri." Aliigeuza kofia mikononi. "Jumapili nataka kuja kwenu Flemingdon Park na wazee wangu. Mjomba, mke wake, na mzee mmoja wa kanisa letu. Kwetu mtu haji peke yake kuuliza jambo kama hili. Lakini kuleta wazee kwenye mlango uliofungwa pia si heshima. Kwa hivyo nimekuja kuuliza kama wataingia."

Kule mbele hata mteja alisogea karibu asikie.

Arzina alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka thelathini na ushei, mfamasia, na Shafina alikuwa amemwombea mume alfajiri baada ya alfajiri, kwenye jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, kabla mabasi hayajajaa. Hakuwa mtu wa kumwachia Mungu kazi nusu. Alikuwa amemweleza waziwazi aina za wanaume wasiofaa: wanaocheka wakiwa wanakula, wanaokopa kalamu, wanaosifu kitu kwa sababu ni rahisi. Maombi yalikuwa marefu, na kila mwaka yaliongezeka. Sasa Mungu alikuwa amemletea Mkikuyu dereva wa basi mwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Shafina alihisi kwamba hakusikilizwa vizuri.

"Unajua darubini hupimwa vipi mwisho?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Kiwandani huondoa hewa ndani, wakatia gesi kavu, wakaziba. Ikizibwa vibaya, unyevu huingia. Ukiigandisha halafu ukaitoa kwenye joto, ukungu hutanda ndani ya kioo, usifutike hata kwa dua." Alifungua friza. Mlikuwa na barafu, mfuko wa njegere, na kababu zake za mchana. Aliisukuma darubini katikati ya njegere na kababu, akaubamiza mlango. "Hiyo itakaa humo mpaka jioni. Ikitoka haina ukungu ndani, wazee wako waje. Ikitoka na ukungu, usimlete hata mmoja, wala usinitafute tena."

"Shafina bai!" Sikander alitokeza kichwa. "Mtoto wa watu unamwamulia kwa friza?"

"Ninyi mnaamua kwa nini? Kwa gari alilokuja nalo?" Shafina alifunga kabati la chuma baada ya kuingiza lile sanduku refu. "Umesikia na wewe. Wewe ni shahidi."

"Sawa, Mama," Kangethe alisema. Hakubembeleza. Hakusema kwamba darubini na ndoa ni vitu viwili. Alivaa kofia, akaaga, akaenda kwenye zamu yake, na Shafina akamdharau hata kwa hilo: mwanamume mzima, hata kujitetea hajui.

Mchana alikula kababu zake kwa hamu. Kila alipofungua friza aliiona darubini imelala na njegere, ngozi yake nyeusi imeota mvi za barafu, naye alijisikia vizuri. Alikwisha kuzigandisha nyingi za aina hiyo. Zilikuwa zikitoka zimepofuka kama macho ya samaki wa juzi. Alimpigia simu Arzina ili asichelewe kulia.

"Mtu wako amekuja."

"Alisema atakuja." Arzina alikuwa kazini, alinong'ona. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli. Ana kazi ya jiji, ana meno yake yote, halafu ananunua takataka kama ile na kuibeba kama yai. Ukitaka kumjua mtu tazama anachokiona kizuri. Baba yako hakuwahi kushika kitu cha namna hiyo hata kwa kukiokota."

Kwenye simu palisikika droo ikifungwa. Kisha Arzina alijibu kwa Kiingereza, kama alivyofanya tangu utotoni alipotaka maneno yasiwe na njia ya kurudi. "Mama, ile niliinunua mimi."

"Uliinunua nini?"

"Hiyo darubini. Ni zawadi yangu kwake, ya siku yake ya kuzaliwa. Nilimwambia mwenye duka ni ya bunduki ndogo, akasema hii inatosha, nikaona inatosha."

"Na mimi je? Mama yako anafanya kazi gani siku nzima? Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu ungecheka."

Shafina aliugeukia mlango wa nyuma. Nje gari la taka lilikuwa likirudi nyuma, likilia.

"Hakuniambia," alisema mwishowe.

"Ulimwita nini?"

"Nani?"

"Mtu aliyeinunua. Mbele yake, ulimwita nini mtu aliyeinunua?"

Shafina alitazama mlango wa friza. "Nina mteja," alisema, akakata simu.

Hakuwa na mteja. Alikaa. Alitoa tasbihi mfukoni mwa aproni, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, na akaanza kutaja jina la Mola, punje baada ya punje. Lakini ulimi ulikuwa umezoea kazi nyingine siku hiyo. Punje zilipita, na kilichokuja nyuma ya kila moja kilikuwa yale maneno ya asubuhi, *hana macho, wala hana aibu*, kwa sauti yake mwenyewe, na kicheko cha Sikander kikifuata. Alirudisha tasbihi mfukoni. Bora akasirike. Alimkasirikia Arzina kwa kununua gizani. Kisha akamkasirikia Kangethe, kwa kusimama pale na kofia yake mkononi akamwacha mama amtukane binti yake mwenyewe neno baada ya neno, bila kumzuia. Mtu wa namna gani hunyamaza hivyo? Alilitafuta jibu baya, lililomfaa Kangethe. Yalikuwapo mawili matatu, lakini hakuna lililokaa sawa.

Jua lilipoanza kuchoka alichemsha birika, akafungua friza.

Darubini ilitoka nyeupe, baridi hata ikang'ata vidole. Aliishika juu ya mdomo wa birika na mvuke ukaivamia, kioo cha mbele kikafunikwa kabisa. Alisubiri. Aliifuta kwa kitambaa laini, mbele na nyuma, akaielekeza kwenye taa.

Ndani palikuwa safi.

Aliigeuza. Aliirudisha mvukeni, akaifuta tena. Alitafuta ukungu pembeni, kule ambako huanzia, kama wingu jembamba kwenye kona ya jicho. Hapakuwa na wingu. Taa ya dari ilipita katika kile kichupa nyeupe na nyoofu, kama inavyopita dirishani.

"Vipi?" Sikander alikuwa mlangoni, akijifanya anatafuta mkasi.

"Bado."

"Bado nini? Toka hapa naona mpaka soksi zangu humo ndani."

"Kukosa ukungu si uzuri, Sikander. Hata ndoo haina ukungu."

"Ulisema mbele yangu, Shafina bai. Mimi ni shahidi."

"Shahidi mwenyewe unauza makoti ya kumficha mtu na nyumbu, katika nchi isiyo na nyumbu. Toka."

Alitoka akicheka. Shafina alibaki na ile darubini mkononi, ikianza kupata joto la kiganja. Alijua alichosema. Lakini pia alijua alichoona asubuhi: nyuzi zinaogelea. Kioo kinaweza kuwa kikavu na bado kikawa cha kijinga. Mtu akija jioni angemwambia hivyo, kwa utulivu: ukungu hamna, nakubali, lakini kitu chenyewe hakifai, basi na mkataba wetu haufai. Haikuwa haki, na sehemu moja ndani yake iliyoamka alfajiri kusali ilijua kwamba si haki. Sehemu iliyobaki ilikuwa tayari imebeba mninga kwenda mlango wa nyuma, ili izione nyuzi zikiogelea mara nyingine na kuwa na hakika ya kusema.

Nguzo hazikuwapo.

Ukungu mzito wa Novemba ulikuwa umeshuka tangu saa tisa, na matone ya theluji isiyojua kama ni mvua. Ulikuwa umekula nguzo, umekula nyaya, umekula reli. Kilichobaki cha dunia kilikuwa uwanja wenye madimbwi na ule uzio mwishoni mwake, wenye pengo ambalo watu walilipasua ili wakate njia kutoka kituo cha basi. Kando ya pengo lilining'inia bati la njano lenye maandishi ya kukataza watu kutupa takataka. Miaka yote aliyofungua mlango huo Shafina alikuwa akitazama juu ya uzio. Bati hilo hakuwa amelisoma hata siku moja.

Aliilaza darubini kwenye makato yake, akainama.

Herufi zilisimama. Zilikuwa kali, nyeusi, kila moja na kingo zake, na kwenye herufi ya kwanza palikuwa na kutu, na juu ya kutu tone la maji lililokuwa likijiandaa kuanguka. Nyuzi mbili zilikatana juu ya tone hilo. Shafina alisogeza kichwa kushoto.

Nyuzi hazikutembea.

Alisogeza kulia. Akasogeza mpaka duara la kioo likaanza kufifia. Nyuzi zilikuwa juu ya tone kama zimechorwa. Tone lilianguka, nazo zikabaki juu ya kutu.

Aliinuka. Akaingia ndani, akafungua kile kitambaa cha bafta, akarudi na darubini ya Madatali. Aliilaza palepale, akachungulia bati lilelile, umbali uleule. Herufi zilikuwa zimefifia, kama zimeandikwa na mkono wa mlevi. Aliposogeza kichwa, nyuzi za Kijerumani zikatoka kwenye herufi ya kwanza zikaenda ya pili, zikarudi. Ziliogelea.

Shafina alikaa juu ya kizingiti cha mlango, katika baridi.

Alilijua jambo hili. Alilijua tangu mikono yake ilipokuwa na hina ya harusi na Madatali akimfundisha mezani, jioni, wateja wakiwa wameondoka. Kila darubini hufungwa kiwandani kwa umbali wake. Ya bunduki kubwa hufungwa kwa mbali. Ya bunduki ndogo hufungwa kwa karibu, pale risasi yake inapofika, na ukiitazamia mlima itakudanganya, nayo haina kosa. Alikuwa amewaeleza wakulima wa mahindi hayo yote kwenye kaunta, kwa subira, akitabasamu. Hakuwa amesahau. Asubuhi ya leo hakuona tu kwamba kitu kile kinastahili kukumbukiwa hayo.

Aliirudisha ile ndogo kwenye makato, akainama kutazama kwa mara ya mwisho, na katika kioo pengo la uzio lilijaa mtu.

Kangethe alipenya kwa ubavu, jaketi likakwama kwenye waya, akalikwamua bila kulivuta. Kisha akasimama. Alikuwa karibu sana katika kioo, pale umbali wa bati la njano. Hakujua kama anaonwa. Alifuta viatu vyake kimoja baada ya kingine kwenye nyasi chafu, akavua kofia, akafumba macho. Midomo yake ilisema jambo fupi. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba jokofu ghorofani, akavaa kofia, akaja.

Shafina aliondoa jicho haraka. Darubini ya bunduki haielekezwi kwa mtu, hata ikiwa peke yake juu ya kigogo. Hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza kabisa la Madatali. Alipojifuta uso kwa aproni, Kangethe alikuwa tayari yuko mlangoni.

"Mama, utapata homa hapo."

"Nimekaa kwangu." Aliinuka. "Ingia. Funga mlango, Sikander hulipia joto kama anatoa damu."

Aliingia. Aliiona darubini mikononi mwake na hakuuliza. Alisubiri tu, maji yakimtiririka toka kofiani, kama dereva anayesubiri mzee ashuke.

"Hukusema ni Arzina," Shafina alisema.

Kangethe alitazama gazeti juu ya meza. "Ulikuwa umeanza kuitukana, Mama. Nikaona bora matusi yaniangukie mimi. Mimi nimezoea. Kwenye basi natukanwa kutoka asubuhi."

"Na mimi unanifananisha na abiria."

"Hapana. Abiria hurudia yaleyale."

Nyuma ya ukuta Sikander alikohoa, kikohozi cha mtu anayejizuia. Shafina aliweka darubini juu ya meza, safari hii si juu ya gazeti.

"Huko kwenye klabu yako, hiyo karatasi wanaiweka umbali gani?"

"Yadi hamsini."

"Kama mpaka kwenye ule uzio."

"Kama hapo, ndiyo."

"Basi," alisema. Alitafuta maneno mengine na kuyaacha. "Bado ni kichupa. Nobu zake bado zinatafuna biskuti. Na gundi yake aliipaka mtu aliyekuwa anawahi kwenda nyumbani. Sikander, funguo za kabati!"

Sikander alizileta mbio, macho yakimng'aa, akataka kusema kitu. Shafina alimtazama, naye Sikander akarudi zake mbele. Kangethe alifungua sanduku lake, akatoa kitasa cha bunduki kwanza na kukiweka kando ili waione haina risasi, kama alivyofundishwa, na Shafina aliliona hilo wala hakulisema. Aliibana bunduki katika jiliwa, katikati ya vipande viwili vya ngozi. Akaweka pete za chini, akaipangusa darubini, akailaza ndani yake, akaziweka pete za juu bila kukaza.

"Jumapili watakuja watatu, ulisema."

Kofia, aliyokwisha kuivua, iliacha kuzunguka mikononi mwa Kangethe. "Watatu, Mama. Na mimi."

"Huyo mzee wa kanisa, pilipili anakula?"

"Hajawahi." Alifikiri. "Atajifunza."

Shafina alivuta droo, akatoa uzi mweupe uliofungwa kipande cha risasi ya kuvulia samaki, akautundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba, ili ushuke wima mpaka karibu na sakafu. Kwa uzi huo alinyoosha kila darubini aliyowahi kufunga, akiulinganisha uzi wa ndani na uzi wa nje mpaka mmoja uufunike mwingine, ndipo akaze skrubu. Alichukua bisibisi. Alisimama nyuma ya bunduki, akainama, akafumba jicho la kushoto.

"Usitembee," alimwambia Kangethe. "Unaleta upepo."

Kangethe alisimama palepale, hata pumzi akaishika. Uzi uliendelea kuyumba, kushoto, kulia, kila safari ukienda pafupi zaidi. Shafina alisubiri utulie.